NENO "KWELI" MBELE YA HAKIMU

Mazungumzo juu ya sheria za jinai za Kenya na haki za mtu aliyeshtakiwa

Watu wengi huenda kortini bila kutazamia. Mtu huamka asubuhi akaenda kazini au sokoni, na jioni akajiona yuko katika kituo cha polisi kwa ajili ya kitu alichobeba, au neno alilosema, au ugomvi ulioanza kama mzaha. Siku ya pili husimama kizimbani, akasomewa karatasi, kisha akaulizwa kama mambo yaliyoandikwa humo ni kweli au si kweli. Jibu lake ni neno moja au mawili. Lakini jibu hilo laweza kumrudisha nyumbani kwake, au laweza kumpeleka gerezani siku ile ile, na walio wengi hulitamka kabla hawajaujua uzito wake.

Makusudi ya mazungumzo haya ni kuueleza uzito huo, pamoja na haki ambazo sheria imempa mshtakiwa tangu anapokamatwa mpaka anapokata rufani. Si makusudi yake kumfundisha mhalifu njia za kuponyoka. Mhalifu akishikwa na ushahidi wa kutosha ukipatikana, sheria inayo nguvu ya kumwadhibu. Haki hizi zimewekwa ili asiadhibiwe asiye na hatia. Tena zinamlinda hata yule aliyeibiwa, kwa maana akifungwa mtu asiyehusika, mwizi mwenyewe huwa yuko huru, na mali haijarudi.

ANAYESHTAKI NI JAMHURI

Kwanza yafaa kujua sheria ya jinai ni nini. Mtu akimkopesha jirani yake fedha asilipwe, shauri hilo ni la watu wawili, nalo huitwa shauri la madai. Lakini mtu akiiba, au akijeruhi, au akiua, sheria huhesabu kwamba ameivunja amani ya watu wote. Kwa hiyo anayemshtaki si jirani yake, bali ni Jamhuri, na kesi huandikwa kwa jina la Jamhuri upande mmoja na jina la mshtakiwa upande wa pili. Polisi hukamata na kupeleleza. Lakini tangu Katiba ya mwaka 2010, mwenye mamlaka ya kuamua kama mtu ashtakiwe kortini ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye hayuko chini ya amri ya polisi wala ya mtu mwingine ye yote.

Makosa yenyewe yameandikwa. Yaliyo mengi yamo katika Kanuni ya Adhabu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1930, nayo imebadilishwa mara nyingi tangu wakati huo. Mengine yamo katika sheria nyingine zilizotungwa baadaye. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa mbele ya sheria siku alipolitenda. Basi hakuna askari, wala chifu, wala hakimu awezaye kubuni kosa jipya kwa kuwa jambo fulani limemchukiza. Kwa upande wa pili, Kanuni hiyo yasema kwamba kutojua sheria si udhuru. Asiyejua hasamehewi kwa kutojua kwake; imempasa kila mtu kujifunza.

Yatazame basi mambo haya kama mizani. Upande mmoja iko Jamhuri, yenye askari, magari, wapelelezi, wataalamu wa alama za vidole, na waendesha mashtaka waliosomea kazi yao. Upande wa pili amesimama mtu mmoja, pengine mkulima au mchukuzi, ambaye hajapata kuingia kortini maisha yake yote. Haki za mshtakiwa ni mawe yaliyowekwa upande wake ili mizani isilale kabisa.

SAA 24 ZA KWANZA

Kifungu cha 49 cha Katiba chaeleza haki za mtu aliyekamatwa. Yapasa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Aambiwe pia kwamba anayo haki ya kunyamaza, na aelezwe yanayoweza kumfika asiponyamaza. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na watu wengine ambao msaada wao wahitajiwa. Asichanganywe na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa. Na tena afikishwe kortini upesi iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 24.

Hesabu ya saa hizo ina jambo moja la kuangaliwa. Aliyekamatwa Jumanne saa sita mchana yapasa awe amefikishwa kortini kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatano. Lakini aliyekamatwa Ijumaa jioni, saa zake 24 humalizika Jumamosi, ambayo si siku ya kawaida ya korti; huyo atafikishwa siku ya korti inayofuata, yaani Jumatatu, isipokuwa Jumatatu hiyo ni sikukuu. Chini ya Katiba ya zamani, mtu aliyeshukiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo aliweza kuwekwa na polisi mpaka siku 14. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka 2010, na sasa saa 24 ni za kila mtu.

Kwa hiyo ndugu wa aliyekamatwa wafanye mambo mawili pasipo kukawia. Waandike siku na saa aliyokamatwa, na waulize kituoni namba ya OB, yaani namba ya taarifa hiyo katika kitabu cha matukio. Maandishi hayo machache yaweza kuwa na faida kubwa baadaye, kwa sababu mbele ya hakimu kumbukumbu ya kichwa hubishaniwa.

Katika siku ya kwanza ya korti, mtu ashtakiwe, au aelezwe sababu ya kuendelea kuzuiwa, au aachiliwe. Tena anayo haki ya kupewa dhamana kwa masharti ya haki, ila kukiwa na sababu nzito za kumnyima, kama vile hofu ya kweli kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi. Na kama kosa lenyewe ni la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba yakataza asiwekwe rumande. Wako wanaodhani kwamba fedha za dhamana ni faini, au ni malipo ya kuimaliza kesi. Sivyo. Fedha hizo ni amana. Kesi ikiisha, na mshtakiwa akiwa amefika kila alipotakiwa, hurudishwa kwa mwenyewe. Basi risiti itunzwe vizuri.

KUNYAMAZA SI UTOVU WA ADABU

Katika malezi ya nchi hii, mtoto akiulizwa na mkubwa wake hujibu. Kukaa kimya mbele ya mzee ni dharau. Desturi hiyo ni njema nyumbani, lakini mbele ya mpelelezi yaweza kumponza mtu. Aliyetiwa hofu, asiyelala, asiyejua analoshtakiwa, hueleza mambo mengi ili aonekane mwema, naye huchanganya saa, siku na majina. Na mchanganyiko huo hugeuzwa kuwa uongo wake. Ulimi hauna mfupa. Sheria imempa ruhusa ya kunyamaza, na kuitumia ruhusa hiyo si kukiri kosa.

Wala kunyamaza hakumaanishi kumtukana askari au kupigana naye. Mtu aweza kutaja jina lake na mahali akaapo, kisha aseme kwa upole kwamba mengine atayasema akiwa na wakili wake.

Juu ya maungamo, sheria iko wazi. Tangu mwaka 2003 Sheria ya Ushahidi iliongezewa kifungu cha kuzuia mateso yaliyokuwa yakitumika kuwatoa watu maneno. Kwa sheria ilivyo sasa, ungamo halikubaliwi kuwa ushahidi isipokuwa limefanywa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya askari wa cheo cha Inspekta au zaidi, ambaye siye anayeipeleleza kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Basi karatasi iliyotiwa dole gumba usiku, mbele ya mpelelezi peke yake, haina nguvu ya ungamo. Na aliyepigwa au kuteswa amweleze hakimu mara ya kwanza anapomwona, na aombe apelekwe kwa daktari. Kwa maana kutoteswa ni haki ambayo Katiba yasema haiwezi kupunguzwa kwa sababu yo yote.

NENO "KWELI" NA UZITO WAKE

Sasa mazungumzo yafika penye kiini chake, yaani siku ya kusomewa mashtaka.

Mbele ya baraza la wazee, mtu aliyekosana na mwenziwe hutazamiwa akiri na kuomba radhi. Akifanya hivyo hasira hupoa, malipo hupunguzwa, na pengine jambo lote likaishia katika chakula cha pamoja. Anayebishana huonekana mkaidi. Basi wako watu wanaoingia kortini na desturi hiyo moyoni. Hakimu akiwauliza, hujibu, "Ni kweli, mheshimiwa, nisamehe," wakidhani kwamba wameufungua mlango wa upatanisho. Kumbe, kwa kanuni ya korti, wamejitia hatiani wenyewe. Hakuna shahidi atakayeitwa, wala swali litakaloulizwa. Kilichobaki ni adhabu. Wengine husema "kweli" kwa kuchoka, ili mambo yaishe. Na wengine kwa kuwa mtu fulani huko mahabusu amewaambia kwamba anayekubali hutozwa faini ndogo.

Tena lugha yenyewe huongeza matatizo. Kwa Kiswahili, neno "kosa" hutumika kwa aliyesahau kulifunga zizi la ng'ombe, na hutumika pia kwa aliyevunja duka usiku. Mtu asemapo "nimekosa" aweza kumaanisha tu kwamba hakutenda vema. Si lazima awe amekiri uhalifu.

Chukua mfano. Kijana ameiona baiskeli ya jirani yake imeegemezwa ukutani. Mama yake ni mgonjwa. Aichukua baiskeli bila ruhusa, ampakia mama yake mpaka zahanati, akiwa na nia ya kuirudisha jioni. Njiani ashikwa. Kortini asomewa kwamba ameiba baiskeli, na adhabu ya kawaida ya wizi yaweza kufika miaka 3 gerezani. Aulizwa kama ni kweli. Yeye aikumbuka baiskeli, aukumbuka ukuta, ajua kwamba aliichukua, naye amelelewa asiseme uongo. Ajibu, "Ni kweli."

Lakini wizi, kwa Kanuni ya Adhabu, si kuchukua tu. Yapasa pawe na nia ya udanganyifu, kama vile nia ya kumnyima mwenye mali mali yake daima. Kijana yule amekiri kuchukua, hakukiri kuiba. Pengine tendo lake lina lawama, na jirani yake ana haki ya kukasirika, lakini shtaka lililoandikwa ni la wizi, na hilo ndilo alilopaswa kulijibu. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu aliyempiga mwenziwe akijikinga, au aliyevuna katika shamba analoliamini kwa moyo safi kuwa ni lake. Tendo lilifanyika, lakini sheria huuliza pia juu ya nia na sababu yake. Jibu lililo sawa kwa watu hao ni kusema, "Si kweli," kisha kueleza wakati wao utakapofika.

Kwa ajili ya hatari hiyo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, iliweka taratibu ambazo korti za Kenya hata leo huzifuata. Taratibu hizo ni hizi:

1. Mshtakiwa asomewe shtaka na kuelezwa kila jambo linalolifanya tendo hilo kuwa kosa, kwa lugha yake au lugha anayoifahamu.

2. Maneno yake mwenyewe yaandikwe, na kama ni ya kukiri, iandikwe kwamba amekubali.

3. Mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakana, kuyaeleza au kuongeza yaliyoachwa.

4. Akiyakana maelezo hayo, au akisema neno linaloleta shaka juu ya hatia yake, jibu lake la kwanza lifutwe, na iandikwe kwamba amekana shtaka.

5. Asipoyakana, ndipo atiwe hatiani, na kabla ya adhabu aulizwe kama ana la kusema.

Angalia sana utaratibu wa tatu na wa nne, kwa maana hapo ndipo mtu aliyeteleza aweza kujishika. Kijana wa baiskeli, akisikia mwendesha mashtaka akieleza kwamba aliiba, aseme wazi: "Niliichukua ili nimpeleke mama zahanati, nami nilikuwa na nia ya kuirudisha." Maneno hayo yakisemwa, yampasa hakimu aandike kwamba shtaka limekanwa. Na hata baada ya hapo, kama adhabu haijatolewa, mshtakiwa aweza kuomba abadili jibu lake, na hakimu anao uwezo wa kumruhusu.

Lakini akisha kuadhibiwa, njia huwa nyembamba. Aliyekubali shtaka katika korti ya chini, sheria haimpi rufani ila juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Ni kweli kwamba Mahakama Kuu yaweza kuitangua hukumu ikiona kwamba taratibu zilirukwa, au kwamba maneno ya mshtakiwa hayakuwa ya kukiri waziwazi. Lakini huo ni mwendo mrefu, na mwenyewe huwa yuko gerezani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pengine msikilizaji atauliza: je, aliyetenda kosa akisema "Si kweli", si mwongo? Kwa sheria, jibu hilo si kiapo. Maana yake ni kwamba mshtakiwa ataka Jamhuri ithibitishe. Wala mazungumzo haya hayamzuii mtu aliyekosa kweli asikiri. Kukiri kwa hiari, mtu akilijua alikirilo, huwa ni sababu ya kupunguziwa adhabu, na tangu mwaka 2008 sheria yaruhusu mshtakiwa na mwendesha mashtaka waandikiane mapatano juu ya shtaka, ambayo korti huyachunguza kama yamefanywa kwa hiari. Lililo baya ni kukiri mtu asichokijua.

ULIMI WA MKALIMANI

Katika korti za chini lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Ushahidi ukitolewa kwa lugha asiyoifahamu mshtakiwa, yapasa ufasiriwe kwake waziwazi mbele ya korti, na Katiba yasema hatalipa cho chote kwa kazi ya mkalimani. Si aibu kuomba mkalimani. Mchungaji aliyetoka Turkana au Mandera aweza kununua sukari na kuuza mbuzi kwa Kiswahili, asiweze kufuata maneno kama "kwa nia ya udanganyifu" au "kwa pamoja na wengine wasiokuwa mbele ya korti". Kiswahili cha sokoni ni kimoja, na Kiswahili cha hati ya mashtaka ni kingine. Asiyefahamu aseme hivyo mara moja, kabla hajajibu neno lo lote. Naye kiziwi apewe mtu ajuaye lugha ya ishara.

Historia ya Kenya yashuhudia jambo hili. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake 5 ilipokuwa ikisikilizwa Kapenguria, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1952, mkalimani wa kwanza alikuwa Dk. Louis Leakey, mtaalamu aliyezaliwa Kenya na kukijua Kikuyu tangu utoto wake. Elimu yake haikuwa na shaka. Hata hivyo mawakili wa washtakiwa, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka London, waliupinga ufasiri wake, na wakapinga kwamba mtu aliyeandika kitabu juu ya mambo yale yale awe ulimi wa korti. Leakey akaiacha kazi hiyo kabla ya kesi kwisha. Ikiwa katika kesi kubwa namna ile ufasiri uliweza kubishaniwa, haimpasi mtu wa kawaida kuona haya kusema kwamba maneno yake hayakufasiriwa sawasawa.

MZIGO NI WA ANAYESHTAKI

Mshtakiwa akikana shtaka, kesi husikilizwa, na kanuni iliyo juu ya zote ni kwamba mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike kuwa anayo. Kanuni hiyo iliwekwa wazi huko Uingereza mwaka 1935, katika kesi ya Reginald Woolmington, kijana mfanya kazi wa shamba aliyehukumiwa kufa kwa kumpiga mkewe risasi. Yeye alisema bunduki ililia kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia wazee wa baraza la hukumu kwamba, kwa kuwa amemwua, ni juu yake kuonyesha kuwa ilikuwa bahati mbaya. Wakuu wa sheria katika Baraza la Malordi walikataa. Walisema ni juu ya mshtaki kuthibitisha hatia, na si juu ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Na hukumu ile ikatanguliwa. Kanuni hiyo imekuwa msingi wa kesi za jinai za Kenya, na leo imeandikwa katika Katiba yenyewe.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na shahidi naye huweza kuvutia kwake. Kwa hiyo mshtakiwa ana haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa juu yake, na kumwuliza maswali kila shahidi. Maswali yawe mafupi, na yahusu yale shahidi aliyoyaona na kuyasikia: alikuwa wapi, kulikuwa na mwanga gani, alimjuaje mtu huyo. Si wakati wa kumlaumu wala kumtukana. Yafaa kukumbuka tena kesi ya Kapenguria. Kenyatta alitiwa hatiani mwezi wa Aprili 1953 na kupewa kifungo cha miaka 7. Lakini mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka, aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi alioutoa ulikuwa wa uongo. Kiapo si dawa ya uongo. Dawa yake ni maswali.

Jamhuri ikisha kuwaleta mashahidi wake, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Ikiwa hana, huachiliwa papo hapo. Ikiwa anayo, huelezwa kwamba aweza kutoa ushahidi kwa kiapo, au kusema bila kiapo, au kunyamaza. Na katika hali yo yote aweza kuwaita mashahidi wake. Asemaye kwa kiapo huulizwa maswali na mwendesha mashtaka. Asemaye bila kiapo haulizwi, lakini maneno yake huwa na uzito mdogo zaidi. Kila njia ina faida na hasara yake, na hapo ndipo shauri la wakili lina thamani kubwa.

WAKILI NA RUFANI

Mshtakiwa aweza kujichagulia wakili. Na ikiwa bila wakili utatokea udhalimu mkubwa, Katiba yasema apewe mmoja kwa gharama ya Serikali. Tena yapasa aambiwe haki hiyo mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda idara ya kuwasaidia wasio na uwezo. Asiye na fedha amwombe hakimu mapema, waziwazi, na aombe ombi lake liandikwe.

Akitiwa hatiani baada ya kesi kusikilizwa, anayo haki ya kukata rufani katika korti iliyo juu. Kutoka korti ya hakimu kwenda Mahakama Kuu, muda wake ni siku 14 tangu siku ya hukumu. Siku hizo hupita upesi kwa mtu aliye gerezani na jamaa zake wenye huzuni. Kwa hiyo hati ya rufani iandikwe bila kungoja, na nakala ya mwenendo wa kesi iombwe siku ile ile. Aliyechelewa aweza kuomba apokewe nje ya muda, lakini itampasa kuonyesha sababu ya kutosha.

YA KUWAAMBIA WALIO NYUMBANI

Ndugu wasikilizaji, si kila mtu atakayeyakumbuka mambo haya yote. Lakini yako machache ambayo yafaa yasemwe nyumbani wakati wa amani, kabla ya shida kuingia. Mtoto aliyekua aambiwe kwamba akikamatwa asikimbie wala asipigane, aulize sababu, aombe kuwapasha habari jamaa zake, asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Aambiwe kwamba akiwa mbele ya hakimu ana haki ya kusema, "Sikufahamu, naomba nielezwe tena." Na aambiwe kwamba neno "kweli", ambalo nyumbani ni sifa njema, kortini lina maana moja tu: kwamba tendo, na nia yake, na kila jambo lililoandikwa katika hati ile, amelikubali.

Hakimu mwema hachukizwi na mtu anayeuliza. Humchukua muda mfupi kueleza shtaka mara ya pili, na mtu aliyefungwa kwa kutoelewa humgharimu miezi na miaka ya maisha yake. Basi anayeulizwa mbele ya korti asikilize kwanza mpaka mwisho, afahamu, ndipo ajibu.